Visu vya jikoni: mnanoa wenyewe au mnampa mnoaji wa baiskeli?

Chumvi_Kidogo: Wakuu, habari za jioni. Nina visu vitatu na panga, vyote butu. Nyanya inapondeka kabla ya kukatika. Hapa Magomeni anapita mnoaji wa baiskeli, kisu kimoja buku. Baba watoto anasema ninunue jiwe ninoe mwenyewe. Nifanyeje?

Pilipili_Mbuzi: Mpe wa baiskeli, dada. Anasimamisha stendi, anakanyaga pedeli, dakika mbili kazi imekwisha. Akichelewa kupita, mimi nanoa kwenye ngazi ya saruji uani. Miaka yote hiyo, na pilau tunakula.

Seremala_Mstaafu: Saruji inakwaruza tu, mwanangu, ndiyo maana unarudi pale kila wiki. Kwa wa baiskeli, angalia kama ana kopo la maji. Jiwe likizunguka kavu, chuma kinapata moto. Ukiona ukingo umegeuka buluu, pale chuma kimeshalegea. Leo kitanyoa hata ndevu, keshokutwa butu tena.

Jiwe la mkono halina moto huo. Chukua la pande mbili, upande wa kukwaruza na ulio laini, namba 1000 hivi. Lilowanishe, uliweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Laza kisu, kisha inua mgongo kidogo: kama kina upana wa sentimita 4, mgongo ukae sentimita 1 hivi juu ya jiwe. Usibadilishe mwinuko huo, hapo ndipo mikono migeni inaposhindwa. Sugua upande mmoja, kisha pitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe usikipitishe kufuata makali. Utahisi kitu kama unywele wa chuma umejikunja upande wa pili. Sasa ndiyo ugeuze. Wengi wanageuza kabla, halafu wanalilaumu jiwe.

Muuza_Bucha: Mzee kamaliza. Niongeze kuhusu ule mchuma mrefu wa mviringo mnaouona buchani: haunoi, unanyoosha makali yaliyolala. Naupitishia kisu mara tatu nne kila baada ya paja moja, jiwe naligusa mara moja kwa wiki. Panga na shoka la mifupa nampa wa baiskeli bila wasiwasi. Ila Idd el-Hajj ikikaribia usimtegemee, foleni yake si ya mchezo. Noa mapema, wala si mbele ya mnyama.

Pilipili_Mbuzi: Na kile cha mkate chenye meno?

Seremala_Mstaafu: Hicho usimpe wa baiskeli, atayafuta meno yote. Wala jiwe bapa haliingii katikati ya meno. Kitumie hivyohivyo, kwenye mkate kinachelewa sana kuwa butu. Mbuzi ya nazi ndiyo inanolewa kwa tupa ndogo, jino kwa jino.

Chumvi_Kidogo: Mrejesho, wakuu. Jiwe nimenunua. Kisu cha kwanza nimekichubua ubavuni kama kimepigwa msasa, na kidole kina plasta. Cha pili nimesubiri ule unywele wa mzee, nikageuza, nyanya imekatika nyembamba hadi naona ubao upande wa pili. Panga nimempa wa baiskeli. Kopo hana, nimemtolea maji mwenyewe.