Programu tatu za kusomea PDF katika mashini moja: niziondoe kwa mpangilio gani?

Mama Sekretaria (Lubumbashi)

Ndugu zangu, salamu kwenu. Nina sekretaria ndogo katika mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ambapo tunachapa na kutoa nakala za kazi za wanafunzi, na mashini yetu kuu inatumia Windows 10 ya Kifaransa. Kwa muda wa miaka miwili kila kijana aliyeketi mbele yake aliongeza programu aliyoipenda ya kusomea PDF, hata sasa ziko tatu: moja ya bure, moja ya majaribio ambayo muda wake umekwisha, na moja ambayo hakuna anayekiri kuiweka. Ninapobofya hati sijui ni ipi itakayofunguka, na kila asubuhi mbili kati ya hizo huanza zenyewe kutafuta matoleo mapya na kula mega za intaneti nilizonunua kwa ajili ya kazi.

Kilichonifikisha hapa ni TFC (kazi ya mwisho wa masomo) ya mteja mmoja, yenye kurasa 84. Kijana wangu aliifungua katika ile programu ya majaribio ili aondoe ukurasa mmoja mtupu, akaihifadhi, kisha akaichapa, na kila ukurasa ukatoka na mstari mwekundu pembeni juu unaosema kwamba toleo hilo ni la majaribio. Tuliuona mstari huo wakati karatasi zimekwisha kutobolewa kwa ajili ya spirali, na gharama ya karatasi na wino ikawa yangu.

Ninaomba kujua: nikiziondoa programu hizi, je, hati za wateja zitapotea? Na je, inatosha kuingia katika diski C na kufuta folda zake?

Fundi wa Himbi (Goma)

Mama, hati zako hazitaguswa. Muundo wa PDF ulianzishwa na Adobe mwaka 1993, lakini tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000, kwa hiyo faili haitegemei programu iliyoifungua jana.

Folda usizifute kwa mkono. Ukifanya hivyo, jina la programu hubaki katika orodha ya Windows, maandishi yake hubaki katika rejista (hazina ambamo Windows huweka mipangilio yake), na siku utakapotaka kuiondoa kwa njia halali utaambiwa kwamba faili ya kuondolea haipatikani. Nimeletewa mashini nyingi za namna hiyo, nazo hunichukulia muda mrefu kuliko zile zenye virusi.

Anza kwa kuamua ni ipi itakayobaki. Bofya PDF yoyote kwa kitufe cha kulia cha puku (kipanya), chagua « Ouvrir avec », kisha « Choisir une autre application », iteue unayoitaka na utie alama penye « Toujours utiliser cette application ». Baada ya hapo bonyeza Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, na orodha ya programu zote itafunguka. Bofya kichwa cha safu ya « Installé le » ili orodha ijipange kwa tarehe, kisha uitazame ile programu isiyo na mwenyewe: vitu vilivyoingia siku ileile, kama vile upau wa kutafutia katika kivinjari, mara nyingi vilipanda gari moja nayo, na vyote vinaweza kushuka pamoja. Ondoa moja, washa mashini upya, ndipo uende kwa nyingine. Mwishoni fungua « Gestionnaire des tâches », dirisha linaloonyesha programu zinazoendeshwa, kwa Ctrl, Shift na Esc, uangalie sehemu ya « Démarrage » kama kuna chochote cha programu hizo kinachoendelea kuanza chenyewe, ukizime.

Kuhusu TFC, mstari ule mwekundu uliandikwa ndani ya faili ilipohifadhiwa. Kuiondoa programu hakutaufuta. Mwombe mwanafunzi faili yake ya Word, utengeneze PDF mpya.

Mwalimu wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ninakubaliana na Fundi isipokuwa kwa kuwasha upya kila mara: kama Windows yenyewe haikuomba, kuwasha mara moja mwishoni kunatosha, hasa kwetu tunaofanya kazi tukihofia umeme kukatika.

Ningependa lakini Mama ajiulize jambo moja kabla ya kuondoa chochote: ni nani kati ya wateja huleta fomu za kujaza? Fomu za kawaida hujazwa hata ndani ya vivinjari vya Edge au Firefox, ambavyo husoma PDF bila kuongezewa kitu. Zipo hata hivyo fomu zilizotengenezwa kwa mtindo uitwao XFA, ambazo katika programu nyingi hazionyeshi kitu ila ukurasa mmoja unaokuomba usubiri, nawe unaweza kusubiri hadi jioni. Hizo kwa kawaida zinahitaji Adobe Acrobat Reader, ingawa ni nzito na kuipakua kunakula mamia ya megabaiti. Pia, kama mtu aliweka picha ya saini au cheti chake cha kidijitali ndani ya programu mojawapo, avihifadhi mahali pengine kwanza, kwa kuwa vitu hivyo huweza kuondoka pamoja nayo.

Kwa kusoma na kuchapa tu, mashini ya zamani itatulia na SumatraPDF, ambayo haifiki megabaiti 20 na ina toleo linaloendeshwa kutoka kwenye flashi. Haijazi fomu. Na tafadhali, usiongeze programu ya kusafisha rejista, maana utakuwa umeleta mgeni wa nne.

Mama Sekretaria

Asanteni. Ile ya majaribio na ile isiyo na mwenyewe zimeondoka, pamoja na upau wa kutafutia ambao niliudhani ni wa kivinjari chenyewe. Tarehe ilikuwa moja. Ya tatu, ya bure, nataka iondoke pia ili nibaki na Edge na SumatraPDF, lakini inakataa: inasema bado iko wazi, hali sioni dirisha lake popote.

Fundi wa Himbi

Mama, angalia dirisha la folda zako. Je, upande wa kulia kuna sehemu inayoonyesha ukurasa wa hati uliyoigusa? Hiyo ni « Volet de visualisation », nayo huenda inaitumia programu hiyohiyo kuonyesha PDF. Ifunge kwa Alt na P. Ikiwa bado inakataa, rudi kwenye « Gestionnaire des tâches », litafute jina lake ndani ya « Processus » ubonyeze « Fin de tâche ».

Mama Sekretaria

Ndiyo yenyewe: upande wa kulia kulikuwa na nakala ya kadi ya mpiga kura ya mteja wa asubuhi, imekaa pale tangu saa mbili. Nimeifunga, na programu imeondoka bila maneno. Mwalimu, fomu za kujaza huletwa na wateja wawili tu, nimezijaribu katika Edge na zimekubali. Mwanafunzi ameleta Word yake kwenye flashi, na kurasa 83 zimetoka safi.