Kuhesabu watu darasani kwa kamera: Raspberry Pi 4 au Jetson Nano?

mtoto_wa_saketi: Wakuu shikamooni. Tuko wanne, mwaka wa mwisho. Kamera yetu inakadiria darasa lina watu wangapi ili taa na feni zizimwe likiwa tupu. Tunatumia YOLOv8n, programu ya AI ya kutambua watu kwenye picha, kwenye laptopu iko safi. Sasa kompyuta ndogo ya kubaki darasani: Raspberry Pi 4 mpya, au Jetson Nano ya mkononi kwa jamaa mmoja? Jumamosi tunaingia Kariakoo.

Fundi Manyoya: Darasa la watu wangapi? Kamera inakaa mlangoni au juu ya ubao? Hesabu kila sekunde au kila dakika? Hata mganga huuliza jina la mama kabla ya ramli.

pasi_ya_risasi: Pi 4, funga mjadala. Nano mfumo wake rasmi uliishia Ubuntu 18.04 yenye lugha ya programu Python 3.6, na YOLOv8 inataka Python 3.8 kwenda juu. Mtasakinisha mpaka mahafali.

kipepeo255: Acha kuwatisha watoto. Docker ipo, inafungasha programu pamoja na Python yake. Pi 4 itawachambulia picha moja, mbili kwa sekunde, tena ikihema.

pasi_ya_risasi: Feni ikichelewa dakika kuzima, nani atakufa?

mzee_wa_hasi: Vyovyote, msiweke mlangoni. Sisi tulichora mstari: anayeingia jumlisha 1, anayetoka toa 1. Siku ya kwanza tukapongezana, soda juu yangu. Kumbe wanafunzi hawaingii kama gwaride. Wanapiga soga mguu ndani mguu nje, wengine wanatoka wawili wawili wameshikana mabega. Kosa la asubuhi halifutiki, linabebwa mpaka jioni. Siku ya kuwasilisha, mbele ya jopo, skrini ikasoma watu hasi 9. Mwalimu mmoja akauliza, "Hao 9 tunawadai?" Baadaye tukaweka hesabu irudi sifuri kila usiku, lakini alama zilishaondoka.

wakili_wa_kijiwe: Na ruhusa mmeomba? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hesabuni humo humo kwenye kifaa, mhifadhi namba tu, picha zifutwe.

kipepeo255: Sheria kwa ajili ya feni?

wakili_wa_kijiwe: Leo feni, kesho mahudhurio.

wa_Nairobi: Huku kwetu sheria ni ya 2019. Lakini mbona kamera? Weka vihisi viwili vya leza vya VL53L1X mlangoni, vinapima umbali tu, havioni sura ya mtu.

mzee_wa_hasi: Mlangoni tena! Karibu kwenye hasi 9.

mtoto_wa_saketi: Samahani, tulikuwa na mtihani. Ukumbi una viti 120, kamera juu ya ubao. Hesabu ya kila dakika inatosha. Shida watu wa nyuma haiwaoni.

Fundi Manyoya: Si ungesema mapema! Hapo ugonjwa si kifaa. Picha inabanwa hadi pikseli 640, kichwa cha nyuma kinabaki punje ya mtama. Ikateni vipande 6, kila kimoja kihesabiwe peke yake. Na huyo laptopu "safi" mlimjaribu wapi, chumbani bwenini?

mtoto_wa_saketi: Ndiyo, mkuu. Tulikuwa watu 5.

kipepeo255: Vipande 6 kwenye Pi 4? Ndiyo maana nasema Nano.

pasi_ya_risasi: Dakika ina sekunde 60, ndugu.

mtoto_wa_saketi: Mwenye Nano kashusha bei, ila haina chaja.

pasi_ya_risasi: Ukitumia tundu la umeme la duara ni volti 5, ampea 4, na uweke jampa, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili, kwenye pini za J48 za bodi, la sivyo haiwaki.

wa_Nairobi: @mzee_wa_hasi, ile kamera yenu bado mnayo? Mnaiuza?