Sabufa ya "watt 5000" inaunguruma na maneno ya muvi siyasikii, nimepigwa?

MpangajiTabata
Wakuu habari za jioni. Juzi nimeshuka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kutafuta spika za desktop yangu, mimi ni mtu wa muvi na mechi tu. Jamaa akanitolea sabufa na vispika viwili, boksi limeandikwa PMPO 5000W, akaipiga pale dukani mpaka kioo cha kaunta kinatetemeka, nikalainika nikatoa hela. Kufika home ndo majanga, bezi yote anakula jirani, mimi niliekaa mbele ya skrini watu kwenye muvi wanafungua mdomo tu, halafu kuna mngurumo mmmmm hata kama sijapiga kitu. Naishi chumba na sebule, meza iko kona na sabufa iko chini yake. Niirudishe?

FundiMzee
Pole mdogo wangu, hujapigwa sana, umepigwa kidogo 😂 Hiyo PMPO kila kiwanda kinajipimia kinavyotaka. Igeuze usome kibandiko cha nyuma pale waya wa umeme unapoingilia, sitashangaa ukikuta inakula watt 40 au 50, sasa inayokula 50 itatoaje 5000? Siku nyingine uliza RMS, yaani nguvu halisi ambayo spika inaitoa mfululizo, kwa mtu anayekaa mita moja toka kwenye spika watt 20 tu zinakutosha.
Mngurumo tuupime kwanza. Chomoa pini kwenye kompyuta uchomeke kwenye simu, simu isiwe kwenye chaja. Ukiisha, sabufa ni nzima, tatizo ni earth: weka CPU, skrini na sabufa kwenye ekstensheni moja. Na pini irudishe tundu la kijani la NYUMA ya CPU, la mbele lina waya unaokatiza huko ndani na unaokota kelele njiani. Kuna mafundi watakwambia kata waya wa earth, kweli kelele itaisha ila siku ikileta shoti utapigwa wewe, usithubutu.

DadaWaKwaya
Me natengeneza rekodi za kwaya yetu kwa vispika vya kawaida kabisa na vinanitosha, kazi ni kuvipanga. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kutoka kila spika mpaka kichwa chako, uzigeuze kidogo zikutazame, na ziwe usawa wa masikio, mimi zangu zimekalia vitabu vya zamani vya shule. Sabufa itoe kona jamani!! kona inavimbisha bezi hata ukipunguza, na kama inagusa ukuta wa jirani ndo unamtwanga kabisa.

kijana_wa_IT
Kaka maneno kupotea inawezekana sio spika kabisa. Ingia setting za sauti kwenye Windows uone kama imekaa 5.1, yaani mpangilio wa spika tano na sabufa moja. Muvi nyingi za 5.1 maneno yanapelekwa spika ya katikati, na wewe hiyo spika huna, sabufa na vispika viwili ni 2.1. Weka Stereo, bezi sabufa itaichuja yenyewe.

Mzaramo_OG
Mi ningechukua zile ndogo za USB nimalize, hazina kelele

FundiMzee
@Mzaramo_OG za USB sawa kwa habari na YouTube, lakini tundu la USB 2.0 kawaida linatoa volti 5 na nusu ampia, yaani watt 2.5 za spika zote mbili. Mechi ya Simba na Yanga utaisikilizia kwa huyo huyo jirani.

MpangajiTabata
Mrejesho wakuu. Kibandiko kinasema 45W, nimecheka mwenyewe. Na kweli ilikuwa 5.1, sijui nani aliiweka, nimebadili maneno yamerudi yote mpaka nikashtuka. Mngurumo umebaki kwa mbali sana, mpaka nitege sikio. Sabufa nimeivuta katikati ya ukuta wa upande wangu, ila sasa wife anasema nimeziba njia ya kwenda jikoni, hapo bado tunajadiliana.