Umbo dogo kwenye pete ya Isopata

Mwalimu, Dodoma: Ndugu zangu, baada ya kuwapeleka wanafunzi kwenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, mmoja aliniuliza kama umbo dogo linaloelea juu ya wanawake wanne kwenye pete ya kale ya dhahabu ya Isopata, kisiwani Krete, Ugiriki, ni mungu. Nimjibuje?

Mdau, Kondoa: Mwalimu, wataalamu wengi huliona umbo hilo kuwa mungu wa kike anayeshuka akiitwa na wanawake hao kwa kucheza, lakini maandishi ya Waminoa, watu wa kale wa Krete walioitengeneza pete hiyo, hayajasomeka hadi leo, hivyo tunaitegemea picha yenyewe.

Mdau, Mpwapwa: Pete nyingine za Waminoa huonyesha watu wakitikisa mti, au wakipiga magoti na kukumbatia jiwe kubwa, hilo jiwe ndilo linalonigusa zaidi.

Mwalimu, Dodoma: Nashukuru, nitamweleza hivyo kesho.