Sijabeba mimba bado, nimefukuzwa kliniki. Nimekosea wapi?

Binti_Tandika: Habarini wapendwa. Mimi na mume wangu tumepanga tuanze kutafuta mtoto mwakani, sasa juzi nikaenda zahanati moja huku kwetu nikamwambia nesi nataka kupima damu na vidonge vya foliki (folic acid, vile vya kumkinga mtoto na mgongo wazi) kabla sijashika mimba. Akanishusha akanipandisha, "huna mimba kliniki unatafuta nini, kabebe kwanza ndo uje". Benchi zima likacheka, mama mmoja tumbo la miezi minane mpaka kashika kiuno. Nikaondoka kimya. Ila mtoto wa dada'angu alizaliwa na mgongo wazi, wakahangaika nae MOI, ile taasisi ya mifupa Muhimbili, mpaka akapasuliwa, ndo mana naogopa.

MamaWawili: Pole mdogo wangu, hujakosea hata kidogo. Mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 hivi toka mimba itunge, yani hapo wengine ndo kwanza wanajiuliza mbona sijaona siku zangu, na wengi wetu kliniki tunatia mguu mimba ina miezi minne mitano, foliki ya pale inasaidia damu ila habari ya mgongo ilishaisha zamani. Anza angalau mwezi mmoja kabla, 0.4 mg kila siku mpaka wiki ya 12. Ila hilo la dada'ako mwambie daktari usimfiche, mwenye historia hiyo kwenye ukoo anaweza kuandikiwa 5 mg, na dada mwenyewe akitaka mwingine asibebe kabla hajaonana nae.

kijana_wa_buza: Shemeji mbebe na mumeo akapime. Sisi tulijua wote tumebeba sikoseli baada ya mtoto kufika miezi saba vidole vikavimba kama vitumbua, analia usiku kucha tunadhani kang'atwa na mdudu. Na kila mimba ni nafasi moja kati ya nne mtoto kuugua, sio kwamba akiugua mmoja basi wengine watatu wamepona. Kaswende na ukimwi pimeni humo humo, msione aibu

Mpogoro1: Si nasikia foliki wanaweka kwenye unga siku hizi? Vidonge vya nini tena

MamaWawili: @Mpogoro1 unga wa viwandani ndio, kanuni zipo toka 2011. We dona yako unasagisha mashine ya hapo mtaani, nani kakuwekea? Na wewe binti kama unakula udongo wa pemba acha kabisa, na chai ya rangi usinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kama kuna dawa ya kifafa au presha unatumia usiache kienyeji, muulize daktari kwanza wakubadilishie

Binti_Tandika: Asanteni sana jamani. Udongo nakula 🙈 naacha leo. Mume kakubali kwenda Jumamosi, ila kauliza mara tatu hiyo sindano ya kutoa damu ina ukubwa gani