Kidimu kwa kidimu wametoa vifaranga vipara, halafu weusi kwa weusi wametoa mweupe. Nisaidieni

Mfugaji_Muheza
Wakuu, habari za jioni. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Muheza, na moyo wangu uko kwa kidimu, wale manyoya yao yamejikunja kuelekea kichwani. Jogoo ni kidimu mweusi. Nikamtafutia matetea wanne, kidimu weusi vilevile, nikiamini nitapata kidimu watupu. Walitotoa vifaranga 22, sasa wana miezi mitatu. 11 ni kidimu safi, 5 wana manyoya ya kawaida, 6 wananiumiza roho. Manyoya yao membamba kama nyuzi, ukiwashika yanakatikia mkononi, mgongo umebaki ngozi tupu. Usiku wanajibana pembeni mwa banda wanatetemeka. Dawa ya utitiri nimeweka mara mbili, wapi.

Kuna na mmoja mweupe. Jirani ana jogoo mweupe, anasema huyo ni wake. Nimchinje jogoo wangu nianze upya?

Baba_Mayai
Usimchinje, mkuu. Huo si utitiri, ni damu. Kwa aina ya manyoya, kifaranga hupata jeni, yaani kile kinachorithisha umbo, moja kwa baba na moja kwa mama. Ya ukidimu ikiwa moja, manyoya yanajikunja vizuri. Zikikutana mbili, yanakuwa dhaifu na kukatika. Jogoo wako ana moja, na matetea vivyo hivyo. Ukipandisha hivyo, kama robo watakuwa na mbili, nusu moja, robo hawana kabisa. Tazama hesabu yako: 6, 11, 5. Mpandishe kwa matetea wa manyoya ya kawaida. Utapata kidimu karibu nusu, na kipara hata mmoja hutamwona.

Mama_Vifaranga
Na hao sita usiwauze kwa hasira. Niliwahi kubaki na jogoo wa hivyo, nikamweka na matetea wa kawaida, vifaranga wote wakatoka kidimu! Hana jeni nyingine ya kutoa. Ila mtunze: maranda makavu, upepo usimpige, na masika mwashie taa usiku. Nawaonea huruma sana kuku hawa, hawakujizaa hivyo.

Kishingo, wale kuku wasio na manyoya shingoni, nao wana mpango huohuo. Mwenye jeni moja ana kishada cha manyoya mbele ya shingo, mwenye mbili shingo iko wazi kabisa.

Mzee_wa_Banda
Huyo mweupe, ni mwili mzima au tumboni na ncha za mbawa? Vifaranga weusi wengi huanguliwa na weupe tumboni, baadaye hubadilika.

Mfugaji_Muheza
Mwili mzima, mzee. Hana hata doa.

Mzee_wa_Banda
Basi inawezekana kabisa ni wa jogoo wako. Upo weupe unaojificha: kuku mweusi anaubeba maisha yake yote bila kuuonyesha, akikutana na mwenzake anayeubeba, robo ya watoto hutoka weupe. Na ukiwa ni huo, hata kama baba ni wa jirani, mama lazima awe anaubeba. Kwa hiyo usigombane na jirani kwanza. Mfungie jogoo wako na matetea wake, wiki tatu za mwanzo mayai yale tu, usiatamishe, maana mtetea hutunza mbegu za jogoo aliyepita kwa zaidi ya wiki mbili. Baada ya hapo andika kwa penseli kwenye kila yai jina la mama yake, na kifaranga akitoka mfunge uzi wa rangi mguuni. Weupe wakirudi, utajua ni kwa mama yupi.

Mfugaji_Muheza
Asanteni sana, mmeniokolea jogoo. Kati ya wale sita majogoo ni wawili, leo nimewahamishia chumba cha ndani penye maranda. Mabanzi ya kutenga banda ninayo, Jumamosi nagonga. Mwenye matetea weusi wa manyoya ya kawaida huku Muheza au Korogwe aniambie, nahitaji watano.