Tumechanga pesa za kijijini baada ya ukame: tununue mbuzi au nini?

Mwana_Kyuso: Hamjambo wadau. Sisi ni watoto wa kijiji kimoja upande wa Kyuso, Kitui, tunaofanya kazi Nairobi na Mombasa. Mnakumbuka mvua ilivyokatika kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo. Iliporudi 2023, watu walikuwa wameshauza mbuzi, ng'ombe wa kulimia, wengine hata mabati. Mpaka leo hawajasimama vizuri. Sasa tumechanga, na wengi kwenye kundi letu wanataka tugawe mbuzi mmoja kwa kila boma. Mimi moyo unasita. Aliyeifanya kazi hii anishauri.

Mama_Ndengu: Hongereni kwa kukumbuka nyumbani. Mimi ni mkulima Makueni, na mweka hazina wa chama cha akina mama. Msianze na mbuzi. Ikijulikana kuna watu wa mjini wananunua, bei inapanda siku hiyo hiyo, na madalali wanawaletea mbuzi wa minada tofauti waliochanganywa kwenye lori moja. Mmoja akiwa na homa ya mapafu, atawamaliza hata wale wachache waliobaki kijijini. Tena mama mwenye njaa ukimpa mbuzi mmoja, atamuuza alipe karo. Wala hana kosa.

Ukambani mvua ya kutegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Pesa zenu zifike Septemba zikiwa mbegu: ndengu, kunde, mtama. Ndengu hukomaa kwa miezi miwili na kidogo, kwa hiyo hata mvua ikikata mapema kuna kitu cha kuvuna. Mahindi hayana subira hiyo.

Halafu nunueni mifuko ya kuhifadhia, ile yenye plastiki mbili ndani. Ikifungwa barabara hewa inakwisha na wadudu wanakufa bila dawa. Jamani, hapa ndipo pesa ilipo! Dalali anajua mama hana pa kuweka ndengu, ndiyo maana anakuja na debe lake la kupimia wakati wa mavuno. Chama chetu kilinunua mizani, debe tukalikataa. Mwenye shida ya karo anaweka gunia lake chamani, anakopeshwa, anauza bei ikipanda. Mbuzi wangu nimewanunua kwa ndengu hizo hizo. Nilikwenda mnadani mwenyewe, nikawafungua mdomo nikatazama meno, nikashika kiwele. Wa kugawiwa nani atamkagua hivyo?

Fundi_wa_Mto: Namuunga mkono mama, ila maji msiyasahau. Anayemaliza asubuhi nzima na punda akitafuta maji atapalilia saa ngapi? Kama kuna mto wa msimu wenye mchanga wa chenga kubwa, fikirieni bwawa la mchanga. Ni ukuta wa mawe na saruji unaokatisha mto. Mafuriko yanaleta mchanga, unajaa nyuma ya ukuta kwa msimu mmoja au zaidi, na maji yanabaki humo ndani. Jua haliyafikii, mbu hawazaliani. Lakini ukuta sharti ukalie mwamba, la sivyo maji yatapita chini. Na mashamba ya juu yapigwe matuta ya fanya juu kwanza, yale ambayo udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu, maana mto ukileta tope, hamna maji ya kuchota.

Mwana_Kyuso: Asanteni sana. Nimempigia shangazi. Anasema kuna mahali mtoni wanafukua maji hata Agosti. Shida ni malori ya mchanga, yanachota hapo hapo.

Fundi_wa_Mto: Maji ya Agosti ni dalili njema, pimeni hapo. Malori ndiyo ya kuogopa. Makueni walifika mahali wakatunga sheria ya kaunti kuhusu mchanga, mwaka 2015, kwa sababu mito ilikuwa inabaki mawe matupu. Kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa saruji, kijiji kikae na chifu, kikubaliane lori linaishia wapi, na iandikwe.

Mama_Ndengu: Na huo mkutano uitwe saa nane mchana. Mkiuita asubuhi watakuja wazee peke yao, akina mama wote wamekwenda kuteka maji.